Mausi ikirukaruka, usianze na kumshuku katibu

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu na watunza kese wa vikundi vyetu, siku ya mafunzo. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.)



Nimeombwa nizungumze juu ya kitu ambacho kwa macho ni kidogo: mausi na kibodi zisizo na waya, zile ambazo vikundi vingi vilipokea pamoja na kompyuta. Tupatane kwanza juu ya majina, juu humu ndani tumesomea sehemu mbalimbali. Waliosoma huku Kongo wanasema souris na clavier. Waliosoma Nyarugusu na Lugufu wanasema mausi na kibodi. Leo nitasema mausi na kibodi, na kompyuta nitaiita mashini, vile tumezoea wote.

Kuna mtu ataniuliza: ndugu, tuna shida ya mashamba, tuna shida ya karo za watoto, kwa nini asubuhi nzima tuzungumze mausi? Sababu ni kwamba mashini zetu si za kuangalia filamu. Ndani yake mna orodha ya wanachama. Mna michango ya kila mwezi, mna mikopo, na mna majina ya waliokwisha saidiwa kwa msiba au kwa hospitali. Na sisi tuliotoka kambini tunajua herufi moja inaweza kufanya nini. Aliyewahi kusimama kwenye foleni ya mgao akaambiwa "jina lako halipo," kumbe kwenye kadi limeandikwa kwa L na kwenye orodha kwa R, huyo hahitaji maelezo yangu. Kosa la mashini likiingia kwenye orodha, linageuka kuwa shida ya mtu.

Kilichotokea katika kikundi kimoja

Kikundi chenyewe sitakitaja. Wakati wa kufunga hesabu, katibu alichapa orodha ya michango. Mama mmoja aliyekuwa ametoa faranga 5.000 akaonekana ametoa 50.000. Mzee mmoja aliyetoa 10.000 akaonekana na 100.000. Walipofungua sanduku mbele ya watu, zilikosekana faranga 135.000. Yaani karatasi ilisema pesa ziko, na sanduku lilisema hazipo.

Katibu ni msichana aliyemaliza sekondari, mtoto wa mjane. Wote wakamgeukia. "Zingine umeziweka wapi?" Naye akajibu kwamba mashini inajiandikia yenyewe, na jibu hilo likazidisha shida, kwa sababu wengine walikuwa wameshaona mshale ukitembea bila mtu kushika mausi. Hapo kukawa na makundi mawili: wanaosema ni mwizi, na wanaosema mashini ina pepo. Barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imeshaandikwa, inangoja sahihi tu.

Tulipoitwa, tulianza na kitabu cha risiti. Risiti zote mbili zilikuwa sawa: 5.000 na 10.000, na sahihi za wenyewe zipo. Ndiyo kusema pesa haikuibiwa. Ni karatasi ya mashini iliyodanganya. Kisha tukafungua ukurasa mweupe, tukamwomba katibu abonyeze sifuri mara 20, polepole, mbele ya komite nzima. Tukahesabu pamoja. Zikatoka sifuri 26.

Sasa sababu yake. Kila unapobonyeza kitufe, kibodi inatuma habari mbili kwa mashini: ya kwanza "kimebonyezwa," ya pili "kimeachwa." Kama ile ya pili ikipotea njiani, mashini inadhani kidole bado kiko pale, na inaendelea kuandika sifuri. Katika kibodi yenye waya habari hizi zinapita ndani ya waya. Katika kibodi isiyo na waya zinapita hewani kama sauti ya redio, na hewani kuna vizuizi. Betri za ile kibodi zilikuwa zimechoka, na kipokezi chake kilikuwa nyuma ya sanduku la chuma la mashini, karibu kabisa na diski ya nje. Tulibadilisha betri, tukajaribu: hali ikawa nafuu lakini haikupona. Tukahamisha kipokezi mbele, tukajaribu: sifuri 20 zikawa 20. Barua ile haikutiwa sahihi.

Kitu kimoja kwa wakati mmoja

Kabla ya kutaja sababu, shikeni kanuni hii: badilisha kitu kimoja tu, halafu jaribu. Nesi mzuri hakupi dawa tatu kwa siku moja ili aone utapona na ipi. Ukibadilisha betri, ukahamisha mausi, ukazima na modemu kwa mara moja, hata ikipona hutajua ugonjwa ulikuwa upi, na mwezi ujao utarudi palepale.

Na kipimo cha kwanza ni hiki: azima mausi yenye waya, chomoa vipokezi vyote, chomeka ile yenye waya, fanya kazi kidogo. Mshale ukitulia, ugonjwa uko kwenye mausi isiyo na waya au njiani hewani. Mshale ukiendelea kuruka, mausi haina hatia. Tafuta ndani ya mashini. Kipimo hiki ni cha dakika tano na kinaokoa siku nzima ya mabishano.

Betri. Hii ndiyo sababu inayotokea mara nyingi. Dalili zake: mshale unachelewa, unaruka, herufi nyingine hazifiki, lakini ukisogeza kibodi karibu na mashini inapata nafuu. Weka betri mpya, zote za aina moja, usichanganye mpya na iliyotoka kwenye redio. Angalia na vile vyuma vinavyoshika betri: kama kuna unga mweupe au kutu, futa kwa kitambaa kilichonyweshwa siki kidogo sana, acha ikauke kabisa. Jioni zima kile kiswichi cha chini. Ofisi ikifungwa kwa majuma kadhaa, toa betri kabisa, zisije zikavuja humo.

Kipokezi. Nasema kile kidude kidogo kama ukucha kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Karibu vyote vinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na ni hayohayo ambayo Wi-Fi na Bluetooth zinatumia. Kwenye boksi wanaandika kwamba inafika mita 10, lakini hiyo ni bila chuma katikati. Sisi tunaweka mashini chini ya meza ya chuma, kipokezi tunakichomeka nyuma, halafu tunashangaa.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Yale matundu ya USB yenye rangi ya buluu ndani ni ya mwendo wa kasi, yanaitwa USB 3. Mwaka 2012 kampuni ya Intel, inayotengeneza vipande vya ndani vya kompyuta, ilitoa maelezo kwamba USB 3 ikifanya kazi inatoa kelele za redio zinazofika hapohapo kwenye gigahezi 2.4. Kwa hiyo ukichomeka diski ya nje kwenye tundu la buluu, na kipokezi cha mausi kando yake, ni sawa na kumnong'oneza mtu sikioni huku jirani anapiga ngoma. Dawa yake: peleka kipokezi kwenye tundu jeusi au jeupe, upande wa mbele. Kama hakuna, nunua ralonji ya USB, hata fupi, ukisogeze kipokezi juu ya meza, karibu na mkono na mbali na diski. Ralonji inapatikana sokoni kwa bei ndogo, na mara nyingi inamaliza shida ambayo watu walitaka kuimaliza kwa kununua mashini mpya.

Majirani wa hewani. Tukifanya mafunzo na mausi nane zisizo na waya katika chumba kimoja, pamoja na modemu na simu zote, hewa inajaa. Zima modemu kwa dakika tano uone. Ikitulia, basi modemu isikae juu ya mashini. Iwekwe mbali kidogo. Halafu angalia kwenye kabati na ndani ya mifuko. Kuna mahali mshale ulitembea wenyewe asubuhi nzima, kumbe mausi ya zamani ilikuwa imebanwa kwenye mfuko chini ya vitabu, imewashwa, na kipokezi chake bado kiko kwenye mashini. Pepo wa mahali pale alikuwa kwenye mfuko.

Meza. Mausi inaona kwa mwanga, inapiga picha ya kitu kilicho chini yake. Kioo na nailoni ya meza inayong'aa vinaidanganya. Weka karatasi au jalada la daftari. Igeuze pia, utazame kile kitundu cha mwanga: unywele mmoja, au vumbi la kiangazi, linatosha kuusumbua mshale.

Moto. Kwa mashini za kubeba, mshale unaweza kurukaruka hata bila mausi yoyote. Hapo shuku kile kibao cha kugusa kilicho chini ya kibodi. Kikiguswa na kiganja cha mkono, au kikiwa na unyevu, kinasogeza mshale. Na chaja isiyo nzuri, hasa kwenye moto wa jenereta au wa sola usiotulia, inakitia wazimu. Kipimo: chomoa chaja, fanya kazi na betri ya ndani. Ikitulia, chaja au moto ndiyo shida.

Mashini yenyewe. Ikiwa imeelemewa, mshale unasimama, halafu unaruka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona ni programu gani inakula nguvu yote. Na kama mausi inalala kila baada ya muda, ingia kwenye "Gestionnaire de périphériques", tafuta "Gestion de l'alimentation" ya kile kitu cha USB, utoe alama mahali pameandikwa kwamba mashini inaruhusiwa kukizima ili kuokoa moto.

Kibodi inayoandika vingine

Kuna makosa ya kibodi ambayo si ya mawimbi wala ya betri. Kwetu kubwa ni lile la mpangilio wa herufi. Mashini za Kifaransa zina mpangilio wa AZERTY. Zile zinazotoka Tanzania, au zinazotumwa na ndugu zetu walioko Marekani, ni QWERTY. Vifungo vikiwa vya aina moja na Windows imewekwa aina nyingine, ukiandika Baraka inatoka Bqrqkq, na Fizi inatoka Fiwi. Ukitumia vifungo vya QWERTY kwenye Windows iliyowekwa kwa Kifaransa, hata tarakimu za juu zinageuka: 500 inatoka (àà. Na neno la siri linakataliwa, halafu watu wanasema kuna mtu amelibadilisha. Angalia pembeni chini, karibu na saa: kama kumeandikwa FRA au ENG, hiyo ndiyo lugha ya kibodi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi, ubadilishe. Watu wengi wanaibadilisha bila kujua, kwa kugusa Alt na Shift pamoja.

Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, Windows inakuuliza kama unataka vifungo vya kushikilia, jibu hapana. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, inauliza juu ya kuchuja vifungo, na ukikubali, kibodi inakuwa nzito kama imekufa. Kwenye mashini ndogo za kubeba, ukigusa NumLock, sehemu ya herufi zinageuka kuwa tarakimu. Yote haya si uharibifu.

Kama unashuku kitufe kimoja kimekwama kwa chai ya sukari, bonyeza Windows, Ctrl na O pamoja. Itatokea kibodi ya kwenye kioo, na utaona ni kitufe gani kinawaka bila kuguswa. Zima, geuza kibodi, ipige kidogo mgongoni, safisha kitufe hicho. Usimwagie maji.

Je, mtu anaweza kuiongoza kutoka mbali?

Swali hili linaulizwa kila mahali, na lina haki ya kujibiwa vizuri. Ndiyo, inawezekana, lakini si kwa namna watu wanavyofikiri. Namna ya kwanza ni programu za kuongoza mashini kwa intaneti, kama AnyDesk au TeamViewer, ambazo fundi aliziweka akasahau kuzitoa. Kipimo: kata intaneti. Mshale ukiendelea kutembea, hakuna mtu wa mbali.

Namna ya pili: mwaka 2016 wachunguzi wa usalama wa kampuni ya Bastille, huko Marekani, walionyesha kwamba vipokezi vya mausi na kibodi nyingi zisizo na waya, za watengenezaji mbalimbali, vinaweza kudanganywa na mtu aliye jirani mwenye chombo chake cha redio. Kibodi nyingine za bei rahisi zinatuma herufi bila kuzificha. Kufanya hivyo kunahitaji ujuzi na kuwa karibu na ofisi, kwa hiyo msiote nayo usiku. Lakini mtunza kese anayeingiza neno la siri la akaunti ya chama, natamani atumie kibodi yenye waya.

Kulinda daftari na kumlinda mtu

Bon, tuseme mausi imepona. Kesho betri zitachoka tena, ndiyo hali ya betri. Kwa hiyo hesabu zetu zisitegemee kibodi peke yake. Nawaomba mambo manne.

La kwanza, risiti ya karatasi itangulie mashini, siku zote. Kilichomwokoa yule msichana ni kitabu cha risiti. Kama asingeandika risiti, tungemtetea na nini?

La pili, katika Excel kuna "Validation des données". Kama mchango wenu hauzidi 20.000, iambie safu ile ikatae tarakimu yoyote inayozidi 20.000. Sifuri ya ziada ikipitisha tarakimu juu ya 20.000, mashini yenyewe itakataa.

La tatu, kabla ya kufunga hesabu, katibu asome orodha kwa sauti na mtunza kese afuate kwa kidole kwenye risiti. Jumla zipatane, wote wawili watie sahihi. Halafu nakala iwekwe kwenye kle USB, na jina la fishe liwe na tarehe.

La nne ni kwa wazee wa komite. Tarakimu zisipopatana, msiulize kwanza "nani amekula?" Ulizeni "risiti inasema nini?" Kama risiti nazo hazipatani, hapo mna haki ya kumwita mtu. Msichana akisimamishwa kwa jina la mwizi katika kijiji chetu, hata ukweli ukijulikana baadaye, jina lile halimtoki. Na kikundi kikipoteza katibu anayejua kazi, vijana wengine wanaogopa kushika nafasi yake.

Kwa wafadhili wetu na ndugu walioko nje

Tunawashukuru kwa mashini, zinafanya kazi. Ombi letu ni rahisi. Mkitutumia vifaa tena, tumeni mausi na kibodi zenye waya. Hazili betri, hazisikii kelele za hewani, na fundi wa huku anaweza kuzitengeneza. Kama ni zisizo na waya, hakikisheni kipokezi kiko ndani, kimefungwa kwa gundi ya karatasi, kwa sababu kwa kawaida kila mausi inasikilizana na kipokezi chake tu. Kikipotea njiani, mausi inakuwa jiwe. Na tuandikieni kama vifungo ni AZERTY au QWERTY.

Kwa sasa hatuombi mashini mpya. Tunaomba kila eneo liwe na mausi moja yenye waya, kibodi moja yenye waya na ralonji moja ya USB, vitunzwe kwa katibu wa eneo kama vyombo vya kupimia.

Karatasi ya kubandika ukutani

1. Hifadhi kazi yako. Usiandike pesa yoyote mpaka upimaji uishe.
2. Chomoa vipokezi, chomeka mausi au kibodi yenye waya. Imetulia? Endelea na namba 3. Haijatulia? Nenda namba 7.
3. Badilisha betri. Bonyeza kitufe kimoja mara 20, uhesabu.
4. Hamisha kipokezi: tundu la mbele, lisilo la buluu, au tumia ralonji. Hesabu tena.
5. Sogeza mbali diski ya nje na modemu. Tafuta mausi nyingine iliyowashwa.
6. Weka karatasi chini ya mausi, safisha kitundu cha mwanga.
7. Chomoa chaja. Kata intaneti. Angalia FRA au ENG. Bonyeza Ctrl, Shift, Esc.
8. Linganisha orodha na risiti kabla ya kuzungumza juu ya mtu yeyote.

Sasa leteni zile mausi mlizokuja nazo, tuzipime moja moja.